Mwandalizi ni Wewe: Hotuba Kuhusu Mbio za Hisani za Kila Mtu Alipo

Hotuba hii ilitolewa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, baada ya swala ya alasiri, kwa waliojiandikisha kukimbia ili kuchangia mafuta ya boti ya wagonjwa. Inawekwa nzima kwa ajili ya Waamu walio Mombasa, Maskati, Jeddah na kwengineko, ambao nao watakimbia siku hizo hizo huko huko waliko.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mlioketi barazani, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliopanda vidato vya ngome kwa kukosa nafasi, ahsanteni kwa kuja. Naona wengine wamekuja na viatu vipya kabisa, bado vina karatasi ndani. Viatu tutavisema mwisho, na kwa ufupi, kwa sababu viatu ndivyo kila mtu anavyoulizia na ndivyo vyenye matata madogo kuliko yote nitakayoyataja.

Kwanza tuelewane jina. Mbio za mtandaoni si kukimbia ndani ya simu. Utakimbia kwa miguu yako, jasho litakuwa lako, na kesho yake utashuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja. Mtandaoni ni pa kujiandikisha, pa kupeleka ushahidi na pa kuchangia. Kilomita zenyewe ni zile zile za mchanga na mawe.

Jambo hili si geni duniani. Tarehe 4 Oktoba 2020, kwa sababu ya korona, mbio ndefu za London zilifanywa kwa namna mbili. Mabingwa wachache walizunguka bustani ya St James's Park, na upande wa wanawake akashinda Brigid Kosgei wetu kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 58. Watu wengine wote waliambiwa: kaa ulipo, una saa 24, kimbia au tembea au pumzika kisha uendelee, muradi zitimie kilomita 42.195. Waliotimiza walipita 37,000. Hakuna aliyefungiwa barabara. Hakuna aliyewekewa meza ya maji.

Sasa nawauliza. Kwenye mbio za kawaida, nani hupima njia? Nani hutazama saa ya kuanza? Nani huweka maji kila baada ya kilomita chache? Nani huleta daktari? Nani hukaa mwisho wa njia kuhakikisha aliyefika amefika kweli? Mwandalizi. Na kwenye mbio hizi mwandalizi ni nani? Ni wewe. Njia utapima wewe, maji utaweka wewe, na kama umezimia mchangani, wewe ndiye uliyetakiwa kuwa umepanga nani atakuona. Yote nitakayosema jioni hii yanatoka kwenye neno hilo moja.

Tuanze na kipimo.

Mbio ndefu za Manchester, Uingereza, za miaka mitatu mfululizo, 2013, 2014 na 2015, ziligunduliwa baadaye kuwa fupi kwa mita 380. Muda wa wakimbiaji wapatao 24,000 ukafutwa. Watu wazima, wenye vifaa, wenye barabara ya lami, wamekosea mita 380. Wewe mwenye simu mfukoni unadhani utapataje?

Simu inapimaje? Inasikiliza setilaiti za GPS, zinazozunguka kiasi cha kilomita 20,000 juu yetu, na kila sekunde moja au chache inaweka alama ulipo, halafu inaunganisha alama hizo kwa mistari iliyonyooka. Setilaiti zisitutishe, sisi watu wa pwani hii. Hapo Ngomeni, tunapopita kwenda Malindi, kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini, ndipo iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu yetu. Basi tuzijue tabia zake. Setilaiti inataka kuiona simu, na simu inataka kuiona mbingu. Hapa mjini mbingu iko wapi? Ukiwa ndani ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kuta za mawe ya matumbawe ghorofa mbili au tatu kila upande, mbingu ni utepe mwembamba juu ya kichwa. Mawimbi hugonga ukuta huu, yakarudi ukuta ule, ndipo yafike kwenye simu yamechelewa. Simu inadhani uko mita kumi au ishirini upande wa pili. Ramani itaonyesha umekatiza vyumbani mwa watu na kutokea jikoni, na kilomita zitaongezeka bila wewe kuzikimbia.

Kwa hiyo, mtu asikimbilie vichochoroni. Njia yetu ni ya pwani, kandokando ya ukuta wa bahari, mahali mbingu iko wazi. Na hata hapo, fanyeni haya. Washa programu ukiwa umesimama, ngoja dakika moja au mbili mpaka ikuone vizuri, ndipo uanze. Ukianza kabla, mita mia za mwanzo hupotea au huzuka. Ingia kwenye mipangilio ya simu, uiruhusu programu hiyo kujua ulipo wakati wote, na uiondoe kwenye orodha ya kuokoa betri. Hili ndilo linaloharibu rekodi nyingi kuliko jua na mchanga. Simu nyingi tunazonunua hapa, kioo kikishazima, huua programu kimyakimya ili kulinda betri. Unakimbia saa mbili, unatoa simu, inakwambia umekwenda kilomita tatu na nusu. Zima pia ile kazi ya kujisimamisha yenyewe unapopunguza mwendo, kwa maana ukimpisha punda mwenye mzigo wa mchanga, saa ya programu itasimama na muda wako utakuwa wa uongo. Bando si lazima. GPS haili bando, na rekodi hukaa kwenye simu mpaka upate mtandao. Lakini betri iwe imejaa, na simu iwe kwenye mfuko wa nailoni, kwani jasho la Lamu huingia hata palipofungwa.

Je, hiyo inatosha? Haitoshi. Nawaomba tupime njia kwa mkono, kama wapimaji wa viwanja. Tuna futikamba ya mita 50. Watu wawili wanaishika, wa tatu anaandika. Tunaivuta mara kumi kandokando ya ukuta, kila mwisho tunatia alama ya chaki chini, na hapo tumepata mita 500. Kwenda na kurudi ni kilomita moja. Anayekimbia kilomita 10 atakwenda na kurudi mara kumi. Nusu ya mbio ndefu ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Maana yake ni kwenda na kurudi mara 21, halafu mara moja fupi inayogeuzia kwenye alama ya mita 48 na sentimita 75. Mwenye kukata zote 42.195 atazunguka mara 42, na ile fupi yake itageuzia mita 97 na nusu. Alama hizo mbili tutazipiga kwa rangi, si kwa chaki, zisifutwe na magurudumu ya mikokoteni.

Na hapa pana hila ndogo. Futikamba ikilegea, ikashuka tumbo kidogo katikati, itasoma mita 50 wakati ardhi chini yake haijafika 50. Ikipungua sentimita 5 tu kila mvuto, kwenye mita 500 umepoteza nusu mita, na kwenye mbio nzima ya 42.195 umepoteza mita 42. Ndiyo sababu wapimaji rasmi wa mbio duniani huongeza mita moja kwa kila kilomita, ili njia ikikosea ikosee kwa kuwa ndefu. Nasi tutafanya hivyo: mita zetu 500 zitakuwa 500 na nusu. Msininung'unikie kwenye raundi ya mwisho.

Kina mama wengine wameniletea swali kwamba hawataki kukimbia pwani mbele za watu. Hawana haja. Mbio hizi hazina njia moja. Ua wa nyumba unatosha, dari inatosha, ukumbi mrefu unatosha. Pima urefu kwa futikamba, hesabu ni mara ngapi zinatimia kilomita, na kwa sababu GPS haitafaa kitu ndani ya kuta, hesabu kwa mkono. Chukua kete za bao. Zote 64 zitie mfuko wa kulia, kila raundi hamisha moja kwenda kushoto. Kichwa kilichochoka hakihesabu, jamani. Ukifika raundi ya thelathini na kitu utaapa umefika arobaini. Kete haziapi. Mwenzio aandike kila zinapohamia zote, na karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako. Tutaipokea sawasawa na ramani ya simu.

Sasa bahari na jua. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Wengi mmesema mtakimbilia ufuo wa Shela, na mna haki. Kutoka mjini mpaka Shela ni kiasi cha kilomita 3 kwa njia ya pwani, na mbele yake ufuo unaendelea kiasi cha kilomita 12. Lakini ufuo ule si barabara. Maji yakijaa, unabaki na ukingo wa mchanga mkavu chini ya vilima, na mchanga mkavu unakula nguvu. Waliopima pumzi za watu wakikimbia juu ya mchanga waliona mwili hutumia nguvu kama mara 1.6 kuliko kwenye ardhi ngumu. Kilomita 10 za mchanga mkavu ni kama 16 za njia ya kawaida. Aliyejizoeza kwenye saruji ya gati kisha siku yenyewe akaenda mchangani, atakwama katikati na atadhani ni mgonjwa. Si mgonjwa, kakosea hesabu ya maji.

Nani hapa hajui hesabu ya maji? Wazee mnacheka. Lakini vijana siku hizi huangalia hali ya hewa kwenye simu na hawaangalii mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hapa kwetu hujaa karibu na saa kumi za alfajiri na hupwa karibu na saa nne za asubuhi. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo siku ya bamvua yenyewe, ukianza saa kumi na mbili na nusu, maji yanakukimbia, na mchanga mgumu uliolowa unazidi kupanuka mbele yako mpaka saa nne. Hiyo ndiyo barabara. Siku tatu baadaye, saa hiyo hiyo, maji yamejaa mpaka kwenye vilima. Tofauti ni siku tatu tu! Ndiyo maana tumeweka muda wa kukimbia uwe siku mbili kuanzia bamvua, wala hatukuuweka mwisho wa wiki kama wengine walivyotaka. Mwenye shaka amuulize nahodha yeyote aliyeketi hapa, asiniulize mimi.

Kitu kingine cha ufuo: umeinama kuelekea baharini. Ukienda, mguu wa upande wa maji unakanyaga chini zaidi kuliko mwenzake, na nyonga na goti la upande mmoja zinabeba makosa hayo kilomita nzima kwa nzima. Dawa yake ni kugeuka mara kwa mara. Usiende kilomita 10 mbele ndipo urudi. Nenda mbili, rudi mbili, miguu ipokezane mateso. Na hapo umepata faida ya pili, kwamba hupotei mbali na watu. Mtu asivuke majumba ya mwisho ya Shela peke yake. Nasema tena: asivuke peke yake. Huko mbele hakuna kivuli, hakuna maji, na ukianguka hakuna mkokoteni wala punda wa kukubeba. Hapa hatuna gari la wagonjwa la kukufuata mchangani. Kutoka pale mpaka hospitali ya King Fahd ni boti, na ndiyo boti yenyewe tunayoitafutia mafuta. Usiwe wewe wa kwanza kuyamaliza.

Jua je? Joto peke yake tunalizoea, linalotuua ni unyevu. Jasho linapoza mwili pale linapokauka. Likitiririka tu na kudondoka, halijapoza kitu. Kaskazi ikipungua mwezi wa Februari na Machi, upepo umekufa na hewa nzito kama blanketi, mtu anatoka jasho lita nzima kwa saa na mwili bado unapanda joto. Punguza mwendo tangu mwanzo, usingoje mpaka uzidiwe. Dalili mbaya ni hizi: mtu anaanza kusema maneno yasiyoungana, anayumba, anakuwa mkali bila sababu. Huyo hahitaji kupewa moyo wala kuambiwa kaza. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mengi mwili mzima, mpepeeni, mwite mtu wa boti papo hapo. Kwanza apoe, ndipo asafirishwe.

Haya, maji ya kunywa. Mtu gani hakufundishwa kwamba kwenye jua unywe maji mengi uwezavyo? Sasa sikilizeni habari ya Boston, Marekani, mwaka 2002. Mwanamke wa miaka 28 alifariki kwenye mbio zile, na kilichomuua hakikuwa kiu. Alikunywa kupita kiasi. Maji yakizidi mwilini, chumvi ya damu inazimuliwa, ubongo unavimba. Siku hiyo hiyo watafiti walichukua damu ya wakimbiaji 488 mwisho wa njia, na matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionyesha asilimia 13 yao chumvi ilikuwa imeshuka chini ya kiwango. Si wale wa mbele wenye kasi. Walioathirika zaidi ni wa nyuma, waliokaa njiani zaidi ya saa nne, wakinywa kila wanapoona meza, mpaka wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza.

Mmesikia hilo? Wazito kuliko walivyoanza. Na sisi wengi hapa tutakaa njiani zaidi ya saa nne, tusidanganyane. Basi kanuni ni hii: kunywa kiu inapokuita, kwa mafunda, kiasi cha mililita 400 mpaka 800 kwa saa kutegemea ukubwa wako na jasho lako. Unataka kujua jasho lako ni kiasi gani? Wiki mbili kabla, jipime kwenye mizani kabla ya kukimbia saa moja na jipime tena baadaye, umejifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni lita moja, ongeza uliyokunywa njiani. Ukikuta umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi, hata kama unajiona shujaa.

Na madafu? Nilijua mtauliza. Dafu ni tamu, na lina madini ya potasiamu kwa wingi, lakini chumvi yake ni kidogo, na jasho linachotoa kwa wingi ni chumvi. Ukinywa madafu, tia chumvi kidogo. Maji ya dawa ya nyumbani ni rahisi zaidi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, vilivyopigwa mstari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, umekosea, mwaga. Chupa zako zifiche kivulini kwenye ncha zote mbili za mita 500, kila chupa na jina lako.

Chakula, upesi. Saa mbili au tatu kabla, uji au mkate na ndizi. Mahamri na kitu chochote cha mafuta, ngojeni baada. Njiani, mbio zikizidi saa moja na nusu, mwili unataka gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa, na sisi Mwenyezi Mungu ametupa tende. Tende ndogo moja ina kama gramu 5 za sukari, kwa hiyo sita kwa saa zinakutosha kuanzia. Toa kokwa nyumbani, si ukiwa unakimbia. Na lililo muhimu kuliko tende: usimeze vidonge vya maumivu kabla ya kukimbia. Diklofenaki na jamii yake, pamoja na upungufu wa maji, huumiza figo. Mwenye kisukari, presha au moyo, na mama mjamzito, amuone daktari sasa, asingoje wiki ya mbio.

Nimeona kijana ananyoosha mkono tangu zamani. Anauliza, mbona kukimbia peke yako kunachosha zaidi?

Tumtazame Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wanadamu wote wakasema: mtu mmoja kavunja mpaka. Mtu mmoja? Alikuwa na wasaidizi 41 wa kukimbia naye, wakipokezana kwa makundi, watano mbele wamejipanga mfano wa mkuki uliogeuzwa, wawili nyuma, wakimkinga upepo na kumshikia mwendo wa dakika 2 na sekunde 50 kwa kilomita. Ndiyo sababu haikuhesabiwa rekodi rasmi. Mbio zetu hazina rekodi rasmi, kwa hiyo hila hiyo ni halali yetu. Kwa nusu ya mbio ndefu, tafuta watu watano. Kila mmoja akimbie nawe kiasi cha kilomita nne tu, akabidhi kwa mwengine. Wa kwanza awe mwepesi wa kusema taratibu. Wa mwisho awe mcheshi, au awe mtu unayemuonea haya, maana kuanzia kilomita ya 17 ndipo miguu inapoanza kushauriana na ukuta wa kukalia. Na anayetaka kutembea dakika moja kila baada ya dakika nne za kukimbia, atembee tangu mwanzo. Anayengoja mpaka achoke ndipo atembee, huyo hatembei, anajikokota.

Mazoezi sitayasema mengi, karatasi mmegawiwa. Nusu yataka wiki 10 mpaka 12, mbio ndefu kamili wiki 16. Siku moja ya wiki iwe ya mwendo mrefu, na urefu huo usiongezeke kwa pupa. Wiki mbili za mwisho punguza. Mazoezi yaliyokupita wiki ya mwisho hayalipwi tena, tulia.

Sasa fedha, na hapa naomba utulivu.

Aprili 2020 mzee wa Kiingereza, Kapteni Tom Moore, mwenye miaka 99, alisema atazunguka bustani yake raundi 100 kabla hajatimiza miaka 100. Kila raundi mita 25. Zote pamoja ni kilomita mbili na nusu, kwa mkongojo wa magurudumu! Alitaka pauni 1,000 za kusaidia hospitali za umma. Alipata zaidi ya milioni 32. Umbali gani ulileta fedha hizo? Sio umbali. Watu waliona mtu mahali pake, anahesabu raundi zake, na wakajua fedha zinakwenda wapi. Ewe unayeona haya kwa sababu utatembea kilomita tano tu, kumbuka zile mbili na nusu.

Lakini habari ile ina mkia wake. Familia yake baadaye iliunda taasisi kwa jina la mzee, na taasisi hiyo ikachunguzwa. Ripoti ya wasimamizi wa mashirika ya hisani ya Uingereza ya mwaka 2024 ilisema familia ilinufaika binafsi. Zile milioni za mwanzo hazikuguswa na uchunguzi huo, zilifika zilikotakiwa. Hata hivyo, mtu akitaja jina la mzee leo, mazungumzo huishia kwenye familia.

Basi sisi tumefunga milango mapema. Mchango hauingii kwenye simu ya mtu, sio ya mweka hazina, sio yangu. Ni nambari ya Paybill moja, na kutoa kunataka sahihi tatu. Kila anayeahidi anaandikwa kwenye daftari la ahadi: jina, kiasi, na kama ni kwa kilomita au kwa jumla. Ahadi ya kwa kilomita iwe na kikomo, kijana asije akamtia mjomba wake hasara kwa kukimbia zaidi kuliko alivyotarajiwa. Ahadi zikusanywe ndani ya siku tatu baada ya mbio. Zikipita wiki, ni kama deni la duka lililofungwa, kila mtu analikumbuka na hakuna anayelilipa.

Medali na fulana hatutoi. Mmelalamika, nimesikia. Fanyeni hesabu nami. Tuseme ada ni shilingi 1,000. Fulana 500, medali 350, kuvileta 100. Boti imebakiwa na shilingi ngapi? Hamsini. Mtu amekimbia nusu siku, ndugu zake wamechanga, na boti imepata bei ya chai na kitumbua. Ada yetu ni 200, na zote zinanunua mafuta.

Ushahidi wenu uonyeshe tarehe, umbali, muda mzima tangu kuanza mpaka kumaliza pamoja na mapumziko, na ramani au karatasi ya kete. Mwaka 1980 huko Boston, Rosie Ruiz alifika wa kwanza kwa wanawake kwa saa 2:31:56, na waliomwona wakashangaa mbona jasho halimo. Siku nane baadaye alinyang'anywa, ushindi akapewa Jacqueline Gareau wa Kanada. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila sidhani walikuwa wakimaanisha mbio. Kwetu hakuna zawadi ya mshindi, kwa hiyo wa kudanganya hana faida. Lakini yuko mjomba aliyeahidi shilingi 50 kwa kila kilomita, na huyo ndiye atakayelipia kilomita usizozikimbia. Ndugu walio ng'ambo wahesabu siku kwa saa za huko waliko, na walio Ghuba nawasihi wakimbie usiku.

Viatu. Viwe umeshavivaa wiki tatu, viwe na nafasi mbele ya vidole kwa upana wa kidole gumba, na mafuta ya mgando kati ya vidole na mapajani. Ndala hapana. Miguu mitupu kwenye mchanga uliolowa inafaa kwa aliyezoea, ila tazameni matumbawe na vigae.

Futikamba iko mezani kwa mama aliyeshika daftari la ahadi. Kesho baada ya Alfajiri, kabla punda hawajaanza kazi, tunapima. Nataka watu sita wa kuvuta kwa zamu, mmoja wa chaki, mmoja wa rangi, na mmoja mwenye hati nzuri ya kuandika. Tutaanzia gatini.